Mama Funguo Anajaza Fomu ya Utumwa

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu alikuwa mtunza stoo wa kampuni moja ya bustani, na katika miaka yote hiyo haikupotea hata reki moja. Si kwamba hazikuibwa. Ziliibwa, lakini zilirudi. Alikuwa na namna yake ya kusimama mlangoni, mikono kiunoni, akimtazama mtu bila kusema neno, mpaka yule mtu akumbuke mwenyewe kwamba mkasi wa kukatia michongoma ameusahau ndani ya suruali. Funguo zake ishirini na nne alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na kwa sababu hiyo kila mtu alimwita Mama Funguo, mumewe akiwemo.

Kampuni ilitunza bustani za watu: za hospitali, za maofisi, za majumba yenye mageti mazito. Wafanyakazi thelathini na wanane walifyeka nyasi, walipunguza michongoma, na walitandaza mawe bapa kwenye vijia ambavyo wenye bustani hawakuvikanyaga, maana wao walipita na magari.

Siku moja Mkurugenzi alimwita ofisini. Mkurugenzi alikuwa mtu wa tai na wa semina, na ukutani kwake palikuwa na vyeti vingi kuliko picha za watoto wake. Mezani aliweka fomu ya kurasa kumi na sita.

"Mteja wetu mkubwa, yule wa hospitali tatu, anataka tamko," alisema. "Kwamba kwetu hakuna utumwa."

"Utumwa, bosi?"

"Wa kisasa, mama. Ule wa zamani ulishapigwa marufuku."

"Sasa mbona mimi?"

"Wewe ndiye unayejua kila kitu kinatoka wapi. Mbolea, miche, mawe, glavu. Na una mwandiko mzuri."

Hakusema kwamba karani alikwisha kuikataa, akidai aliajiriwa kupiga chapa, si kufundisha historia.

Mama Funguo aliibeba fomu mpaka nyumbani. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mwembamba mwenye pini mdomoni, aliyeshona sare za shule sebuleni huku akitoa maoni juu ya dunia nzima. Alimsomea ukurasa wa kwanza.

"Wanasema tuchunguze kama kuna watumwa kwenye mnyororo wetu wa ugavi."

Mume akasimamisha cherehani. "Kwenye mnyororo?"

"Ndivyo walivyoandika. Maana yake vitu vinavyopita, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, mpaka kutufikia."

"Mke wangu, watumwa wangekaa wapi pengine?"

Alimkanya aache mzaha, lakini fomu yenyewe ilimkera kwa sababu nyingine. Maswali yalikuwa mepesi mno. Je, wafanyakazi wa msambazaji wako wanatunza vitambulisho vyao wenyewe? Je, wanaweza kuondoka wakitaka? Je, mlango wa mahali wanapolala hufunguka kwa ndani? Majibu yalikuwa neno moja tu, ndiyo au hapana, na yeye hakujua hata moja. Sasa, Mama Funguo hakuwahi kutia sahihi kwa kitu ambacho hakukiona kwa macho. Mifuko ya mbolea aliihesabu yeye mwenyewe, hata ikija themanini na mvua inanyesha. Akaona hana budi kwenda kuwatazama watu kama alivyoitazama mifuko.

Alianza na miche. Kitaluni aliwakuta akina mama watano waliokuwa wakizungumza kwa sauti kubwa kuliko redio, na jioni kila mmoja alikwenda kwake. Akaandika. Kwenye kiwanda cha glavu hawakumfungulia geti. Akaliandika hilo pia. Jumatano akapanda lori la kampuni kwenda machimbo ya mawe, saa tatu za barabara mbaya, na Dereva akimuuliza kila baada ya kilima kama kweli watumwa wana dalili za kuonekana kwa macho.

Mwenye machimbo, waliyemwita Mzee Mawe, aliwapokea kwa bashasha. Alileta soda mbili, akafuta kiti kwa leso yake mwenyewe.

"Utumwa!" alicheka mpaka akakohoa. "Mama yangu, hapa sisi ni familia. Hawa ni wanangu."

"Basi nionyeshe wanao wanapolala."

Palikuwa ni banda refu la mabati, safi, lililofagiliwa. Mlango ulikuwa na kufuli kubwa jipya, nalo lilikuwa upande wa nje.

"Kwa usalama wao," alisema Mzee Mawe. "Eneo hili lina wezi."

"Wezi wanakuja kuiba watu?"

Mzee Mawe akasema hali ya hewa siku hizi haitabiriki. Mama Funguo akauliza kuhusu vitambulisho, na hapo mzee alirudi ofisini kwa fahari, akavuta droo, akatoa kopo la biskuti lenye picha ya maua kwenye kifuniko. Ndani vilipangwa vitambulisho ishirini na viwili, vimefungwa mpira kama karata.

"Ona nilivyovitunza. Wakiachiwa wenyewe wanavipoteza. Hawa watu hawajui kutunza vitu."

Mama Funguo akaomba kwenda kujisaidia. Nyuma ya choo palikuwa na mwanamke aliyesimama peke yake akichekecha kokoto, uso wote mweupe kwa vumbi, macho tu ndiyo yenye rangi. Walisalimiana. Mama Funguo akamuuliza kama anaipenda kazi, swali ambalo alilionea aibu kabla halijamaliza kutoka.

"Kazi ni kazi," alisema yule dada. Akatikisa chekeche mara mbili tatu. "Mama yangu alizikwa mwezi uliopita. Niliomba kitambulisho changu nisafiri, maana bila hicho hata tiketi hupewi. Mzee akasema nisubiri kwanza oda iishe."

"Oda gani hiyo isiyoweza kusubiri maziko?"

"Ya mawe bapa. Ya kampuni ya bustani. Wanayataka haraka."

Karatasi ya oda hiyo ilikuwa imebandikwa pale pale kwenye nguzo ya kibanda cha kuchekechea, ili watu wasisahau. Mama Funguo akaisogelea. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa duara, wenye mikia. Chini yake neno HARAKA lilipigiwa mistari miwili, na ilikuwa kazi ya mkono wake mwenyewe. Alikumbuka hata siku aliyoipiga: hakukuwa na haraka yoyote. Ilikuwa ni mazoea tu.

Njia nzima ya kurudi aliishikilia fomu mapajani. Dereva akaacha kuuliza maswali.

Kesho yake, saa nne ya chai, aliwafuata watunza bustani chini ya paa la banda la mashine, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Wakakaa wima. Aliwasimulia yote: kufuli, vumbi, maziko. Alipofika kwenye vitambulisho, sauti ilimpanda.

"Kwenye kopo la biskuti! Mtu mzima na akili zake, kitambulisho chake kimefungiwa kwenye kopo la biskuti!"

Watu waliinamia vikombe vyao. Mmoja alipuliza chai ambayo ilikwisha kupoa zamani.

"Mbona kimya? Hamna uchungu na binadamu wenzenu?"

Palikuwa na mzee mmoja, mkata michongoma, aliyeitwa Kinyozi kwa jinsi alivyousawazisha uzio wa mimea kama kichwa cha bwana harusi. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Uchungu tunao, mama. Ila na wivu kidogo upo. Kopo la biskuti mtu hulifungua hata kwa kijiko. Letu sisi ni kabati la chuma."

Watu wakaangua kicheko. Mama Funguo naye akacheka, maana mzaha ulikuwa mzuri, akacheka mpaka katikati, kisha kicheko kikamkwama kama mfupa.

Ni kweli kabati lilikuwepo, nyuma ya makopo ya rangi, ufunguo namba kumi na saba. Miaka kumi na mmoja nyuma mtu mmoja alitoroka na mashine ya kukatia nyasi, na tangu siku ile Mkurugenzi aliamuru kila anayeajiriwa akabidhi kitambulisho stoo. Mama Funguo aliipokea amri ile kama upendeleo aliopewa awafanyie watu. Kila mwaka alivipangusa kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu.

"Lakini mimi nawatunzia," alisema. "Visilowe. Na mkitaka, si huwa nawapa?"

"Unatupa, mama," alisema Kinyozi. "Tukifiwa."

"Una maana gani?"

"Kwani ukiombwa, swali lako la kwanza ni lipi? Si 'cha nini'? Tukisema benki, unasema benki haikimbii. Tukisema kusajili laini ya simu, unasema simu ya nini kazini. Na mtu anayetaka kwenda kuomba kazi kwingine, angekwambiaje? Kitu pekee ulichokuwa hukihoji ni kifo. Basi tukafiwa."

"Mwaka juzi ulifiwa na shangazi. Nilikuandikia kadi ya pole."

"Nilimsomea. Ilimfurahisha sana. Anakusalimu."

"Na wewe?" akamgeukia kijana wa mashine. "Wewe ulifiwa na mashangazi wawili kwa mwaka mmoja!"

"Mmoja ni wa kweli, mama," alisema yule, akitazama viatu vyake. "Lakini huyo alifariki siku uliyokuwa likizo na funguo zako. Sikwenda."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Jioni ile Mama Funguo aliketi sebuleni bila kuvua viatu. Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho, akatoa pini mdomoni, dalili kwamba jambo ni zito.

"Wahenga walisema, nyani..."

"Malizia uone."

"Nilitaka kusema nyani ni mnyama mwenye akili." Akainamia kitambaa chake, kisha akasema bila kuinua macho, "Ulikuwa unavipangusa kwa moyo safi, hilo najua. Pengine hata yule mwenye kopo naye anavipangusa."

Neno hilo lilimuuma kuliko la Kinyozi, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa ameviona vile vitambulisho vya machimboni. Havikuwa na hata chembe ya vumbi.

Asubuhi alifungua kabati kabla hajafungua dirisha. Hakumwomba mtu ruhusa. Waliitwa mmoja mmoja, kila mmoja akachukua chake na kutia sahihi kwamba amekipokea, kwa kuwa Mama Funguo hata akitubu hutubu kwa maandishi. Kinyozi alikitazama chake kwa muda mrefu. Picha ilikuwa ya mtu mwenye nywele.

Vilibaki vitatu, vya watu walioondoka zamani. Cha mmoja alikikumbuka vizuri, kijana mpole wa kutandaza nyasi, ambaye yeye mwenyewe alimwandika kitabuni kuwa ni mtoro. Sasa akakigeuzageuza mkononi. Mtu akikimbia mpaka akaacha nyuma kitambulisho chake, alikuwa anakimbia nini? Alivituma vyote vitatu kwa posta kwa anwani zilizoandikwa. Viwili havikujibiwa kamwe. Cha yule kijana kilirudi, na juu ya bahasha mtu alikuwa ameandika: HAYUPO TENA HAPA.

Ndipo akaijaza fomu. Mahali palipoulizwa kama dalili zozote zimebainika, aliandika: Ndiyo, mahali pawili. Pa kwanza ni machimboni, ambako tunaagiza kwa haraka isiyokuwepo. Pa pili ni stoo yetu wenyewe, na mhusika ni mimi.

Mkurugenzi alisoma akiwa ameketi, akamaliza akiwa amesimama.

"Umejishtaki, mama! Nani anajishtaki kwenye fomu?"

"Waliuliza, bosi."

"Wanauliza kwa kuwa wanatakiwa kuuliza! Na sisi tunajibu kwa kuwa tunatakiwa kujibu! Hakuna anayesoma!" Akavuta pumzi, akalegeza tai. "Andika upya. Hapana, hapana, hapana, mpaka chini."

"Sitii sahihi kitu nisichokikuta stoo."

"Basi acha. Nitajaza nyingine mwenyewe."

Akajaza mwenyewe, kwa kalamu yake ya dhahabu, kwa dakika tatu, huku akiongea na simu. Aliandika hapana kurasa zote kumi na sita. Akagonga muhuri, akatuma.

Wiki mbili baadaye gari jeupe liliingia kwa kasi na kufunga breki mbele ya banda la mashine. Aliteremka mkaguzi wa yule mteja, mwanamke mfupi mwenye miwani, pamoja na maofisa wawili wa idara ya kazi. Hawakusalimia.

"Wako wapi?" aliuliza mkaguzi.

"Nani?" Mkurugenzi alikuwa ametoka na tabasamu, nalo halikujua liende wapi.

"Watu wenu." Mkaguzi akafunua fomu. "Nasoma. Je, wafanyakazi wako huru kuacha kazi wakitaka? Mmejibu hapana. Je, wanatunza vitambulisho vyao wenyewe? Hapana. Je, milango ya malazi hufunguka kwa ndani? Hapana. Je, wanaruhusiwa kupumzika? Hapana. Nimesoma fomu mia mbili mwaka huu, bwana. Hii ndiyo ya kwanza kukiri kila kitu, tena kwa muhuri."

Inasemekana kimya kilichofuata kilisikika mpaka kwenye michongoma, ambako Kinyozi aliacha kukata. Mkurugenzi alisema ni makosa ya kalamu. Ofisa mmoja akauliza kama kalamu hiyo inaweza kuhojiwa.

Waliwahoji wafanyakazi mmoja mmoja, na kila mmoja alitoa kitambulisho mfukoni kabla hajaombwa, kwa namna ya mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake. Mkaguzi alizidi kuchanganyikiwa. Mama Funguo akaona heri aseme kweli. Akaenda stoo, akaleta ile fomu yake ya kwanza, aliyokuwa ameihifadhi kwa sababu hakuwahi kutupa karatasi.

Mkaguzi alianza kuisoma akiwa amesimama. Ukurasa wa sita akakaa juu ya mfuko wa mbolea.

"'Mhusika ni mimi.' Hii nani kaandika?"

"Mimi."

"Hukuogopa kufukuzwa?"

"Fomu haikuuliza hilo."

Mteja, kama wateja wote wanaopenda usafi, alitaka kuyaacha yale machimbo mara moja na kununua mawe kwingine. Mama Funguo alikataa mbele ya watu wote, jambo lililomfanya Mkurugenzi ashike paji la uso.

"Mkihama, mtakuwa mmenawa mikono tu," alisema. "Wale watu watabaki na kufuli lao na mnunuzi mwingine, asiyekuwa hata na fomu. Mwambieni kufuli lifunguliwe na kopo liwe tupu, ndipo mtanunua. Na oda zetu ziandikwe tarehe, zisiandikwe haraka."

Ikawa hivyo. Mkaguzi, maofisa na Mama Funguo walikwenda pamoja. Mzee Mawe alitoa hotuba ndefu juu ya upendo, akagawa vitambulisho vya kopo huku akipigwa picha, na akabandika kibao kipya getini: HAPA HAKUNA UTUMWA TENA. Mkaguzi akamshauri aondoe neno la mwisho. Kabla ya adhuhuri, watu tisa kati ya ishirini na wawili walikuwa wamebeba mabegi yao na kushika barabara. Mzee Mawe alisimama akiwatazama mpaka vumbi lilipotulia, na kwa mara ya kwanza hakuwa anaigiza.

"Nilidhani wananipenda," alisema.

Yule dada wa chekeche alikuwa wa kwanza kutoka. Hakuaga mtu.

Mawe yalichelewa wiki tano. Vijia vya hospitali vilifunguliwa vikiwa udongo mtupu, na hakuna mgonjwa aliyezidiwa kwa sababu hiyo. Mkurugenzi alialikwa kwenye mkutano mkubwa kuzungumzia kampuni ndogo iliyothubutu kujichunguza. Alizungumza dakika arobaini, akapewa cheti, akakitafutia nafasi ukutani. Mama Funguo naye alikuwepo mkutanoni. Ndiye aliyepanga vyungu vya maua jukwaani tangu asubuhi, na kwenye picha ya gazeti kiwiko chake kinaonekana vizuri nyuma ya jani.

Mumewe aliikata picha hiyo akaibandika juu ya cherehani. "Kiwiko cha haki," aliwaambia wateja wake.

Mwanzo wa msimu wa kupanda, kampuni ilihitaji watu wawili. Mmoja wa walioomba alikuwa mwanamke ambaye Mama Funguo hakumtambua, mpaka alipocheka na akayajua macho yake, yale yale ya machimboni. Vumbi lilipotoka, kumbe alikuwa kijana kuliko alivyodhaniwa. Alisema amekwenda kwao, amekaa kaburini kwa mama yake, ameongea naye yote, na sasa anatafuta kazi isiyo na mawe.

"Mawe yapo," alisema Mama Funguo, "ila tunayatandaza tu. Nipe kitambulisho nitoe kopi."

Yule dada alikitoa, akakikabidhi, kisha akamfuata nyuma mpaka kwenye mashine. Alisimama hapo mkono ameunyoosha, kiganja juu, wakati mwanga unapita chini ya kifuniko. Mashine ilikuwa kuukuu na ilichukua muda wake. Mkono haukushuka. Mama Funguo alikitoa kikiwa bado na joto, akakiweka kiganjani.

Dada alikigeuza, akahakikisha picha ni yake, akakitia ndani ya nguo.

"Haya," alisema. "Majembe yako wapi?"